Fataki Saba za Bi Zuwena

Vijana, mkiwaona wazee wa hapa Ibra, Oman, mnadhani sote tulikuwa askari au madereva. Mimi sikuwa hiki wala kile. Kwa miaka kumi na sita kazi yangu ilikuwa kutoa fataki zilizokufa katika maganda ya risasi. Ukiniuliza ni kazi gani hiyo sitakasirika. Mama mkwe wangu aliniuliza vivyo hivyo, tena mbele ya wageni.

Fataki ni kile kikombe kidogo cha shaba, kipana kama punje ya mbaazi, kilichozama katika kitako cha risasi. Sindano ya bunduki hukigonga, kikawaka, na moto wake ukawasha baruti iliyomo ndani. Kikishawaka kimekufa. Lakini ganda lenyewe halifi. Bunduki nyingi tulizoletewa zilikuwa zile ndefu za kizamani, za risasi moja moja, ambazo watu huzitoa sikukuu na harusini zikapigwa hewani baina ya ngoma na mashairi. Maganda yake ni manene kama kidole gumba cha seremala, na mapya yalikuwa hayapatikani. Basi ganda likapigwa, likarudi dukani, likatiwa fataki mpya na baruti, likapigwa tena. Kabla ya hayo yote lazima mtu aitoe ile fataki iliyokufa, na mtu huyo alikuwa mimi. Kutia baruti ilikuwa kazi ya mwenye duka peke yake, yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya serikali. Hiyo siwaandikii hapa, na msiniulize.

Mwenye duka alikuwa Maalim Hamdani. Alizaliwa hapa hapa Ibra, akaenda Tabora kijana, akakaa huko miaka ishirini, akarudi na Kiswahili cha bara na vidole kama koleo. Mimi nimetoka Unguja na darasa la sita, na kabla ya kumjua nilikuwa nikiendesha gari la maji. Siku niliyokwenda kuomba kazi nilichomeka kalamu mfukoni mwa kanzu ili nionekane msomi. Akaitazama kalamu, akanitazama mimi.

"Unajua kusoma?"

"Najua, Maalim."

"Bunduki haina maandishi. Kaa hapo, Bwana Skuli."

Jina hilo likanikaa mpaka nilipostaafu.

Akanipa ganda moja na msumari mwembamba. "Toa fataki," akasema. Nikaingiza msumari kwenye mdomo wa ganda, nikatafuta tundu la katikati ili niisukume kutoka ndani. Nikachokoa mpaka adhana ya adhuhuri. Maalim anakunywa kahawa, kikombe baada ya kikombe. Kumbe maganda mengi ya zamani hayana tundu la katikati. Yana vitundu viwili pembeni, vyembamba mno, na katikati yake pana kichuguu cha shaba. Msumari haufiki popote. Ungechokoa mpaka Kiyama.

Alipotosheka na kahawa akalisimamisha ganda juu ya gogo lenye tundu, mdomo juu. Akalijaza maji mpaka shingoni. Akachukua fimbo ya shaba iliyokazana sawasawa na shingo ya ganda, akaitia, akaipiga nyundo mara moja. Ta! Fataki ikaangukia chini ya gogo kama jino la mtoto.

"Maji hayabonyei," akaniambia. "Ukiyapiga juu yanatafuta njia chini. Weye umepigana na ganda asubuhi nzima. Mimi nimeyaachia maji yapigane."

Inaonekana rahisi, lakini fimbo ikipwaya maji yanakurudia usoni, na ganda likijaa kupita kiasi yanamrudia aliye karibu. Mwezi wangu wa kwanza alisimama kunitazama bwana mmoja aliyekuwa njiani kwenda harusini. Kanzu yake nyeupe ilipigwa pasi hata ungedhani ingesimama bila yeye, na kiunoni ana jambia la fedha. Nikaona haya kupimapima mbele ya mtu kama yule, nikapiga kwa nguvu. Maji yenye masizi yakamchora kutoka kifuani mpaka kwenye mkanda wa jambia.

Maalim akaruka na kitambaa. "Mabruk! Mabruk! Mvua siku ya harusi ni baraka!"

"Mvua gani nyeusi, Hamdani?"

Yule bwana akenda harusini amevaa kanzu ya Maalim, nayo Maalim alikuwa mfupi. Miguu ilikuwa nje kama ya korongo. Mwaka mzima hakupita mtaa wetu.

Kosa jengine lilinigharimu nyusi. Nilidhani fataki yenye kovu la sindano lazima imekufa. Si lazima. Mara nyengine sindano hugonga kwa ulegevu, kovu likabaki na fataki ikawa hai inakungoja wewe. Nikaigonga moja kikavu, bila maji, kwa kuwa lile ganda lilikuwa na tundu moja la katikati na nikaona kuchota maji ni kupoteza wakati. Ikalipuka. Sikuumia, alhamdulillahi, ila masikio yalilia siku nzima na nyusi zikabaki upande mmoja. Maalim hakunigombeza. Alinipa kioo nijitazame.

"Kovu si cheti cha kifo," akasema. "Tazama ndani kama mna masizi, kisha nusa. Ganda lililopigwa linanuka yai viza. Ukisikia harufu nyengine yoyote, liweke kando, ukamuulize mwenyewe."

Hiyo ndiyo sheria aliyonipa. Ishikeni, maana ndiyo niliyokuja kuivunja.

Pua ilikuwa chombo cha kazi kama nyundo. Siku za Ijumaa tulikuwa tukienda soko la Nizwa kununua maganda. Waliyauza karibu na mnada wa mbuzi, yamesuguliwa ndimu yanang'ara, na huwezi kujua kwa macho lipi zima na lipi limeoza ndani. Maalim akayanusa moja moja, na wauza mbuzi wakimcheka. Ya Sur yalikuja na kutu ya kijani ya hewa ya bahari, ya Adam, mji wa ukingoni mwa jangwa, yakaja na mchanga. Nikafika pahala nikifumba macho, nikanusa ganda, nikakwambia limetoka wapi. Nilijisifu sana nyumbani. Salma, mke wangu, Mungu amrehemu, akaniambia, "Pua yako inajua ya Sur na Adam, haijui kuwa samaki wako anaungua hapo jikoni."

Kovu nalo lina maneno yake. Hakuna bunduki mbili zinazogonga fataki sawasawa. Moja inapiga katikati, moja inakwenda upande, moja imechoka inapapasa tu. Maalim alikuwa na kile kioo kidogo cha mafundi saa, anakibana jichoni, anatazama kitako cha ganda na kukutajia mwenye bunduki kama anayemuona anapita. "Hii ya Seif, sindano yake imekwenda kushoto. Hii ya wale watu wa Samail." Siku moja mzee wa Adam alituletea maganda thelathini, akatueleza kwa kirefu jinsi alivyoyapiga yote peke yake, harusi ya mpwa wake, mpaka bega likavimba. Maalim akabana kioo jichoni. Akatazama. Akatazama tena.

"Mashallah," akasema. "Na zile bunduki zako nyengine nne umeziacha wapi?"

Mzee akacheka mpaka kahawa ikampalia. Kumbe kila harusi aliyoalikwa alikuwa akiokota maganda ya watu, anainama baina ya wachezaji kama kuku shambani.

Sasa nikwambieni lile ambalo nikilikumbuka mikono inaniwasha.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa Mzee Said, watu wa Unguja kama sisi, wamerudi Oman wakati mmoja na sisi. Mwanawe wa pili, Nasir, alikuwa anaoa. Akafungua sanduku la marehemu baba yake, akakusanya maganda yote aliyoyakuta, akatuletea mfuko mzima tuyatie baruti kwa ajili ya harusi. Siku hiyo Maalim alikuwa amesafiri, na mimi nikataka akirudi akute nimemaliza. Jaza, tia fimbo, piga. Jaza, tia fimbo, piga. Mkono ukanoga. Katikati nikashika ganda lililozibwa pamba mdomoni.

Mtu wa kwengine angeshangaa. Hapa kwetu si ajabu, maana kuna nyigu wanaopenda kujenga kwa udongo ndani ya maganda matupu, na watu huyaziba kwa pamba wasiingie. Pamba nilishazitoa nyingi. Nikaichomoa, nikaitupa, na harufu ikanipanda puani, udi na waridi.

Hapa nitasema kweli. Niliisikia. Sheria ya Maalim nilikuwa naijua kama Alhamdu. Nikajisemea labda sanduku lilikuwa na nguo zilizofukizwa, nikajaza maji, nikapiga. Fataki ikaanguka. Nikaitia koponi pamoja na nyengine, nikashika ganda lililofuata.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake hapa Ibra, ambalo mwanamme haingii. Bi Zuwena akatoka sokoni na kikapu chake, akasimama mlangoni petu.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, fundi. Salma hajambo? Sikiliza. Nasir kakuleteeni maganda bila ya kuniuliza. Humo mna moja lina pamba. Hilo si la kazi. Ni la mwisho alilolipiga marehemu, harusi ya mwanetu mkubwa. Liliruka likaanguka miguuni pangu, nikaliokota lingali moto, likaniunguza kidole hiki. Wiki mbili baadaye akafariki. Ile pamba nimeitia mafuta yake mwenyewe, na pale chini pana alama aliyoiacha yeye. Kila alfajiri nikishasali naigusa. Niwekee, nitakuja kulichukua Jumamosi."

Nikasema, "Inshallah."

Vijana, kuna inshallah ya mtu anayemtegemea Mungu na kuna inshallah ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Yangu ilikuwa hiyo ya pili. Akaenda zake, nami nikabaki nimesimama na nyundo mkononi.

Maganda yalikuwa bado katika beseni, hatujayaosha kwa ukwaju. Nikapiga magoti nikayanusa moja moja. Nilipofika kama nusu nikalipata, udi ulikuwa umegoma kutoka hata kwa maji. Pamba nikaikuta chini ya meza, imelowa masizi. Lakini fataki ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imechanganyika na fataki za miezi mitatu.

Maalim aliporudi nikamwambia yote. Hakunipa kioo nijitazame safari hii. Alitandika mkeka, akalimwaga kopo.

Tulikuwa na bahati moja. Bunduki ya Mzee Said ilivunjika sindano wiki ile ile ya harusi ya mwanawe mkubwa, na Maalim ndiye aliyemchongea mpya. Sindano hiyo iliacha kovu lenye ncha upande mmoja, kama ukucha wa mtoto mchanga. Na baada ya Mzee Said kufariki bunduki ile haikupigwa tena. "Kovu la ukucha likipatikana humu," Maalim akasema, "ni la mkono wake. Hakuna mwengine."

Tukatafuta siku ile mpaka magharibi, na Alhamisi tukaanza upya. Yeye ana kioo chake, mimi nina kioo cha kusomea gazeti. Migongo ikakauka. Kabla ya adhuhuri nikaiona, ukucha mtupu, nikapiga kelele kama mtu aliyeokota lulu.

"Ngoja kwanza," Maalim akasema, naye akainua mkono wake. Kiganjani mwake mlikuwa na nyengine, ukucha vile vile.

Kufika alasiri zilikuwa saba. Tulizipanga juu ya kitambaa, tukazitazama. Hapo ndipo Maalim akakumbuka kwamba siku ya harusi ile Mzee Said alipiga mara saba, na maganda yote saba aliyatia sandukuni. Mkewe akaziba pamba lile la mwisho tu. Kioo kinaweza kukwambia bunduki ya nani. Hakiwezi kukwambia ulikuwa mpigo wa ngapi.

"Tia yoyote, Bwana Skuli," Maalim akasema. "Zote ni zake."

"Na ikiwa siyo yenyewe?"

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Weye umeanza lini kuwa na maneno?" Kisha akalainika. "Mama wa watu ana huzuni yake. Usimuongezee."

Maalim hakuwa muongo. Alisema vile kwa huruma, na mimi nikakubali, haraka kuliko anavyokubali mtu asiye na kosa. Nikachagua moja, nikaibana taratibu kwa jiliwa mpaka ikakaa katika ganda kama haijapata kutoka. Nikatia pamba mpya. Ijumaa sikwenda Nizwa, nilishinda nyumbani nalo mfukoni, na kila nikikaa likinichoma pajani.

Salma akanitilia chai baada ya alasiri. "Mbona hunywi?"

Nikamueleza, na vitundu, na maji, na makovu. Akasikiliza huku anachambua mchele.

"Nusu ya maneno yako sikuyafahamu," akasema, "lakini nijibu moja tu. Kila alfajiri ataigusa?"

"Ataigusa."

"Na wewe kila alfajiri utakuwa umelala?"

Nikasukuma kikombe kando. Akaweka ungo chini.

"Vaa kanzu. Usimngoje dukani mbele za watu. Twende kwake, na mimi nnakwenda nawe."

"Sasa hivi?"

"Kwani fataki zinaiva?"

Tukapitia dukani kwanza. Nikaitoa tena ile fataki kwa maji, na safari hii sijapata kupiga nyundo polepole namna ile. Nikazifunga zote saba katika kitambaa.

Bi Zuwena alikuwa mtu ambaye hasikilizi habari ya mtu asiyekula kwanza. Ikaja tende, ikaja halwa, ikaja kahawa. Nasir alikuwepo, anazungumza habari za harusi yake, amefurahi maskini. Nikala tende tatu, zikashuka kama kokwa tatu. Salma akanigusa na kiwiko. Nikaomba sahani ya kikombe, nikazimimina fataki juu yake, na ganda nikaliweka pembeni.

"Bi Zuwena, ganda ni hili, nina hakika nalo. Pamba yako nimeiharibu. Fataki niliitoa kabla hujaja dukani, na sikukwambia. Ni moja katika hizi saba. Ipi, sijui, na hakuna mtu atakayejua."

Nasir akainuka. "Mama, wallahi mimi sikujua kama..."

"Kaa chini wewe. Zamu yako inakuja." Akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Ulipoichomoa pamba, hukusikia harufu?"

"Niliisikia."

"Ukaonaje?"

"Nikaona nina haraka."

Salma akainamia kikombe chake. Bi Zuwena akaivuta sahani karibu, akafumba macho. Akaanza kuzigusa moja moja kwa kile kidole kilichowahi kuungua. Akafika ya saba, akarudi mwanzo. Nje mtu alikuwa akimwita mbuzi wake. Mara ya tatu akasimama kwenye moja, akaiinua.

"Hii."

Nikasogea mbele. "Ndiyo yenyewe? Umeijua?"

Akafumbua macho, akanitazama kama anayemtazama mtu aliyesahau viatu vyake.

"Nitaijuaje mimi, na wewe fundi hukuijua? Zote sawasawa." Akaitia kiganjani mwangu na kukifumba kwa mikono yake miwili. "Lakini ilikuwa moja, na itakuwa moja. Ni hii. Nimesema mimi."

"Na hizi sita, Bi Zuwena?"

"Rudisha koponi mwako. Na siku nyengine ukija kwa watu badilisha kanzu. Unanuka yai viza, nyumba nzima imejaa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Salma. Mimi nilifuata baadaye kidogo, maana nilikuwa natafuta leso. Nasir peke yake hakucheka, alijua zamu yake imefika.

Jumamosi asubuhi nikaibana fataki ile aliyoichagua, na Bi Zuwena akaja kama alivyoahidi, mbele ya wateja. Akaleta pamba yake mwenyewe. Akapitisha kidole kwenye kitako cha ganda, akasema, "Ahsante, fundi," akaondoka. Waliokuwepo walidhani kachukua kitu kilichotengenezwa, na mimi nadhani hawakukosea sana.

Siku hizi kazi hii haipo namna ile. Kwenye miaka ya elfu mbili ikaja mashine ya mkono kutoka Maskati, ina mpini na sindano ya chuma. Unashusha mpini, fataki inatoka, kanzu haimwagikiwi. Inataka ganda lenye tundu la katikati, na maganda ya kisasa yote yanalo. Sheria za ruhusa nazo zikakaza, na ni haki yake. Maalim alifariki mimi nikiwa bado dukani. Tulimuosha mimi na wanawe, na nilipofika mikononi nikaona makovu ambayo ningeyajua popote. Duka lake sasa linauza vifuniko vya simu. Zile fataki sita sikuzirudisha koponi. Nilizitia katika kichupa cha dawa ya macho, na kichupa nilikichukua nilipostaafu. Miaka yote nilidhani nazihifadhi kwa ajili ya kosa langu.

Salma alifariki mwaka jana. Alitoka nyumbani kwa miguu yake, akapanda gari la jirani kwenda hospitali, mimi nikiwa msikitini, na hakurudi. Siku tatu za matanga nyumba ilijaa watu wema. Wakapika, wakafagia, na kwa wema huo huo wakafua kila kitu chake. Watu walipokwisha kuondoka nikamuuliza binti yetu Ruqaya kanga aliyokwenda nayo mama yake hospitali iko wapi.

Akaziba mdomo kwa mkono. "Baba, zote tumezifua. Sikujua kama unaitaka. Zimekunjwa zote pamoja."

Akazileta, lundo zima mikononi, na machozi yanamshuka juu yake. Nilimtambua vizuri sana alivyosimama. Niliwahi kuwa vile, mbele ya sahani ya fataki.

Nikazinusa moja moja. Zote zilinuka sabuni. Nikajaribu kukumbuka alivyojitanda asubuhi ile, rangi tu, hata rangi, nikashindwa. Mimi niliyetazama makovu ya sindano kwa miaka kumi na sita sikumtazama mke wangu kavaa kanga gani. Hilo pia naliandika, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa.

Ruqaya akaniambia, "Baba, ni mimi wa kulaumiwa."

Nikamwambia akae. Nikafumba macho, nikapitisha vidole juu ya lundo, nikarudi mwanzo, nikapitisha tena. Kisha nikavuta moja.

"Hii."

Akaniangalia, uso umemfunguka. "Ndiyo yenyewe? Umeikumbuka, Baba?"

"Sikuikumbuka, mwanangu," nikasema, nikaikunja nikaiweka chini ya mto wangu wa kulalia. "Nimesema mimi."